Kigari cha Kupita Mchangani

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mafundi wenzako wa karakana. Sisi huku sote wazima. Mama mzima, anakusalimu, anasema usile ukiwa umesimama.

Usishtuke kuona nimeshika kalamu. Simu siwezi kukupigia kwa jambo hili. Nyumba yetu unaijua, ukipiga chafya chumbani aliye jikoni anakuambia pole, na sitaki Mama ajue kwamba naombaomba vitu. Barua nitampa dereva wa lori la vifurushi. Ni mwaminifu, ila anaongea mno, kwa hiyo nimeibandika gundi pande zote.

Shida yangu ni hii. Unakumbuka nilipowapakia rangi vibanda vya wageni kule kambini, wakanipa kayaki yao ya zamani, ile ya plastiki ya watu wawili? Ninayo bado, na majini haina ubaya. Ubaya uko nchi kavu. Zamani nilikuwa najitwika kichwani nakwenda nayo huku napiga mluzi. Sasa mgongo umekataa. Nataka kigari cha kuifunga juu yake niikokote, na katika ukoo wetu wote ni wewe tu unayekula kwa magurudumu.

Njia yenyewe ni hivi: ukitoka mlangoni kuna kichochoro cha kokoto, halafu majani yenye miiba ile inayotoboa ndala, halafu matope maji yanapokupwa, halafu mchanga laini wa ule ufuko nyuma ya maghala. Ng'ambo ni saruji tupu mpaka barabarani. Nimeona picha za vigari vingi, na kila muuzaji anasema chake kinapita popote. Wanaongea kama wachumba kabla ya kuoa.

Mzigo ndani ni mdogo tu, makopo ya rangi na brashi, maana nimepata kazi ng'ambo.

Nijibu upesi.

Mdogo wako

11 Februari

Kitinda mimba wetu,

Marahaba, tena marahaba mara mbili, kwa sababu hii ni barua ya kwanza kuipata kutoka kwako tangu ile uliyoniomba viatu vya shule. Mimi sijambo. Shemeji yako hajambo, amenenepa. Karakana imejaa watu wanaotaka viti vya magurudumu mpaka tunawapimia nje ukumbini. Pole na mgongo. Kama umri wako huo mgongo umeshakataa, ukifika wangu si utatambaa?

Sasa nisikilize. Hakuna gurudumu linalopita popote, na anayekuambia lipo anakuuzia. Gurudumu jembamba na gumu hukimbia kwenye saruji, ila mchanga linaukata na kuzama. Pana na laini, lile lililovimba kama boga, hupita juu ya mchanga na matope kana kwamba halina uzito, lakini kwenye kokoto linarukaruka, kwenye saruji linalika, na mwiba mmoja tu kwisha habari yake. La upepo, kama la baiskeli ya mtoto, liko katikati ya hayo, na kila siku utakuwa unaziba pancha. Kwa hiyo usiniulize gurudumu lipi ni zuri. Jiulize ni wapi unakubali kuteseka, na umebeba uzito gani.

Hapa kwetu bosi ameandika ukutani kwa chaki: HATUMTENGENEZEI MTU TUSIYEMPIMA KWA MIKONO YETU. Mtu akituma vipimo kwa simu tunamrudisha. Wewe nakuvunjia sheria kwa kuwa ni mdogo wangu, na kayaki si mtu. Kwa makopo ya rangi nimekuchagulia magurudumu magumu ya mpira, ya kimo cha kati, hayana upepo wala hayaogopi mwiba. Mchangani utavuta kwa nguvu, lakini mchanga wenyewe ni kipande kidogo. Fremu nimeichomelea kwa mabomba ya kiti kilichokufa. Kigari kikae nyuma, wewe nyanyua pua ya mbele na utembee. Mikanda miwili inatosha.

Mama mwambie asininunie, nitakuja mwezi ujao. Mbona siku hizi hapokei simu? Bado ni lile sikio?

Dada yako

24 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Huku sote wazima, Mama anakusalimu sana, na ndiyo, bado ni sikio, simu inamuumiza.

Kigari kimefika. Majirani wamekizunguka kama mwali. Kwenye kokoto kinakwenda vizuri, kwenye majani pia. Asante sana, mikono yako isichoke.

Nina jambo dogo la kuuliza. Mzigo ukiwa mzito kidogo kuliko makopo, kigari kikae nyuma vile vile au kisogee katikati? Na kama mzigo wenyewe hautakiwi kutikiswa? Na je, unao mkanda mpana, laini, usiokata, wa kupitisha kifuani? Ukiupata mpe dereva hata bila barua.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kopo la rangi lina kifua tangu lini?

Nimekupigia simu, ukasema mtandao mbaya ukakata, na nyuma yako nilisikia redio vizuri kabisa mpaka bei za nyanya nikazipata. Nani anakaa ndani ya hiyo kayaki? Usinifanye mtoto. Niandikie ukweli, na mchangani usivute chochote kinachopumua mpaka nikujibu.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimekaa kimya kwa sababu sina pa kuuweka uso. Nilipoandika sote wazima, nilikudanganya. Barua zote.

Mama alipata kiharusi msimu wa mvua uliopita. Ni upande wa kulia. Mguu unaburuza, mkono unamkalia mapajani kama si wake, na mdomo umekwenda upande. Anaongea, ila pole pole, neno moja linamchosha. Ndiyo maana simu hapokei. Sikio lake zima kuliko langu. Kule hospitalini alinikamata kwa ule mkono mzima akaniapisha: "Dada yako asijue. Asinione hivi." Nikaapa. Tangu hapo kila salamu niliyokuletea ni mimi niliyeitunga, hata ile ya kula umesimama.

Mwalimu wa mazoezi wa zahanati ya ng'ambo anasema mguu unaweza kurudi kama atafanyishwa mazoezi kila wiki sasa hivi. Ukiachwa utakakamaa, na ukikakamaa ndiyo basi tena. Kwenda ng'ambo ni kivuko, na kivuko unajua mwenyewe. Mama amekata tiketi kwenye lile geti maisha yake yote ya kazi. Wanaume wenye ndevu zao walipanga foleni kwa kumwona tu amenyoosha mkono. Kasema heri afe kuliko wale mabaharia wambebe kama gunia. Kiti cha magurudumu hataki hata kisikike kikitajwa. Kayaki ndiyo aliyoikubali. Kasema kwenye kayaki kila mtu amekaa, hakuna anayejua nani hawezi kusimama.

Basi nikawa namkalisha ndani ya kayaki hapo hapo mlangoni, namvalisha jaketi la kuokolea, namfunika shuka miguuni, nakokota. Kwanza niliburuza hivi hivi mpaka plastiki ikaanza kukwanguka. Kigari chako kilipokuja Mama alicheka, mara ya kwanza tangu augue. Akasema, "Sasa nina gari." Nikajiona mwanamume.

Wiki ile ya kwanza kilizama mchangani mpaka ekseli. Nilivuta mpaka nikaona nyota. Kumshusha pale ni kumlaza chini, na kumrudisha ndani peke yangu siwezi. Nikaona nigeuze nipitie gati la kivuko, kwa sababu pale pana saruji na magurudumu yale saruji ndiyo nyumbani kwao. Mama alikataa. Alinichapa mgongoni kwa kafi. Nikamwambia kivuko kiko ng'ambo, hakuna mtu, tutapita haraka.

Kivuko hakikuwa ng'ambo. Tulikuwa katikati ya mteremko watu walipoanza kushuka. Uzito ulikuja mbele, mkanda ukateleza, kayaki ikachomoka juu ya kigari na kupinduka. Mama akabingirika mbele ya abiria wote na mabaharia wote. Gauni likapanda mpaka kiunoni. Na mimi, Dada, nilisimama. Nilishika kamba nikawa natazama kigari kinavyoteremka peke yake kuingia majini, kama vile hicho ndicho cha kuokolewa. Aliyemfunika Mama ni yule mwanamke aliyeichukua kazi yake ya tiketi. Alivua koti lake la kazi akamfunika nalo, na Mama alifumba macho.

Hajatoka nje tangu siku hiyo. Mazoezi yamesimama. Mimi ananisemesha kwa ishara tu, chakula hiki, chombo kile. Kigari hakina kosa. Uzito nilikudanganya mimi.

Mdogo wako

4 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina salamu.

Barua yako niliisomea karakanani, nimekalia kiti cha magurudumu cha mama mmoja nilichokuwa nakifunga breki. Nilipomaliza nikaona nimekaa wapi, nikasimama kama nimekalia moto. Kwanza nilikuandikia barua nyingine, ya matusi, nikaichana. Nitakutukana siku nyingine, deni unalo.

Mganga hajigangi, hilo twalijua. Lakini hata mganga mbovu hujua kwamba mgonjwa yupo. Mimi niliambiwa ni sikio nikakubali, na nilikubali upesi kwa sababu ilinifaa kukubali. Mwezi ujao, mwezi ujao, mpaka maneno hayo yamegeuka jina langu.

Bosi alinipa ruhusa siku ile ile. Nilifunga begi, nikaenda stendi, nikakaa siti ya dirishani. Basi lilipowasha injini nikashuka. Shemeji yako anaamini liliharibika njiani. Mimi kila siku ya Mungu nashika miguu iliyokufa ganzi, nawatania wenyewe, nawapima mapaja, tunacheka, na sikuweza kwenda kumtazama mama yangu mdomo ukiwa upande. Yeye hataki nimwone, na mimi, Mungu anisamehe, niliposoma hivyo nilishukuru. Hilo sijamwambia mtu mwingine, na wewe usimwambie mtu.

Basi acha nifanye ninachokiweza.

Nitatengeneza kigari kingine chenye ekseli ya kubadilisha magurudumu kwa pini. Magumu ni ya kokoto, miiba na saruji. Yale maboga ni ya matope na mchanga. Unabadilisha ukifika ukingoni, Mama akiwa ndani, huna haja ya kumshusha. Kigari kitakaa katikati, chini yake yeye hasa, uzito usije mbele tena. Na nitatengeneza siti ya kukaa ndani ya kayaki. Ng'ambo siti itatoka na yeye akiwa juu yake na kufungwa kwenye kigari hicho hicho, mwingie nayo zahanati. Mwambie ni siti ya kayaki. Mkanda wa kifuani ni wa nchi kavu. Mkigusa maji unaufungua, kwa sababu ikipinduka amefungwa utakuwa umemzamisha wewe.

Lakini siti lazima imshike. Ikiwa pana atalala upande na mgongo utapinda. Ikiwa nyembamba itamchubua, naye hatajua, kwa kuwa upande ule hausikii. Nipimie upana wa nyonga akiwa amekaa, urefu wa paja mpaka nyuma ya goti, goti mpaka kisigino, na kifua chini ya makwapa. Utepe uguse mwili. Usikadirie kwa macho. Pima mara mbili.

Dada yako

9 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Vipimo hivi hapa nyuma ya karatasi, vyote. Nimepima mara mbili. Mama hakusumbua.

Nimemwambia kuna siti inakuja. Safari hii hakugeukia ukutani.

Tafadhali fanya haraka. Mwalimu wa mazoezi ametuma ujumbe kwa mtu wa kivuko kuuliza kama mgonjwa wake yuko hai.

Mdogo wako

3 Mei

Kitinda mimba,

Marahaba. Natumaini mu wazima kadiri mnavyoweza.

Dereva anakuletea furushi kubwa. Nimemwapia kwamba akiliweka chini ya magunia nitamfanyia kiti na yeye. Nimefanya kazi hii baada ya saa za kazi, peke yangu, na bosi alijifanya hajui sponji yake inakwenda wapi. Mgongo wa siti una mbavu za alumini, haushiki maji. Kitambaa nimeshona mara tatu penye mshono wa chini ili usimkune. Nimeikalia mwenyewe kutwa nzima nikiwa natengeneza viti vya wengine, na wenzangu wakaniita malkia.

Nikuambie kitu. Nilipoona vipimo vyako nilifurahi. Nyonga zile zile! Nikasema, kumbe Mama hajaisha, kumbe hali si mbaya kama nilivyoogopa. Nikalala usingizi mzuri. Nimeona vibaya kulala vizuri hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Pini za magurudumu zifunge kwa ule uzi mwekundu zisipotee mchangani. Ukimkalisha, pitisha kiganja chako kila upande wa nyonga. Kiganja kiingie kikiwa kimelala bapa, kisicheze.

Mwambie umenunua.

Dada yako

12 Mei

Dada,

Shikamoo. Siti ni nzuri mpaka inauma. Naomba uisome barua hii mahali ambapo hakuna mtu.

Nilimkalisha Mama akaenda upande mzima, kama punje moja ndani ya debe. Nikaweka mto. Nikaweka mto mwingine. Viganja vyangu viliingia vyote viwili kila upande, vikacheza. Mama akautelemsha mkono wake mzima pembeni, akaipapasa nafasi iliyobaki, akaniuliza nani katengeneza. Nikasema nimenunua. Kisha akasema, pole pole kama anavyosema siku hizi, "Dukani hawanijui. Huyu ananijua. Ila ananijua nilivyokuwa."

Sikumpima, Dada. Utepe niliushika, nikaenda nao mpaka mlangoni kwake. Mimi humlisha, humfulia, humchana nywele, na jirani yetu wa kike ndiye anayemwogesha. Lakini kuzungusha utepe kwenye nyonga za mama yangu mzazi mikono ilikataa. Nilitoka nje. Kwenye kamba kulikuwa na gauni lake la kazi, lile la buluu la kivuko. Kila baada ya muda ananiambia nilifue, nami nalifua. Nililitandaza mezani nikalipima lile, nikatoa kidogo kwa ajili ya mshono. Mara mbili, kama ulivyosema. Sikuwaza hata kidogo kwamba halimkai tena. Kwangu mimi lile gauni ndilo Mama.

Umemtengenezea siti mwanamke ambaye hayupo, na ni kwa sababu yangu. Najua nimekupa usingizi wa uongo. Aibu ya gati nilidhani ndiyo ya mwisho.

Nilipokiri mbele yake nilitegemea aninyamazie tena. Alicheka, upande mmoja. Akasema, "Gauni! Ungepima na viatu." Kisha akaacha kucheka akawa anatazama mikanda, ule mshono wako wa mara tatu, anaupitia kwa kidole. Nikamwambia Dada anajua yote. Nikamwambia nilivunja kiapo. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameshaona.

Nikamuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Anaogopa. Mwambie hata mimi naogopa. Aje na utepe wake."

Mdogo wako

17 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba.

Kesho kutwa napanda basi la asubuhi. Shemeji yako nimemwambia ukweli wa safari ile ya kwanza. Hakunicheka. Amesema atanisindikiza na atasimama kwenye mlango wa basi mpaka liondoke, na kwa unene wake huo sitaweza kupita.

Lile suala la gauni sikulaumu. Mimi ndiye niliyejua sheria, imeandikwa ukutani mbele ya macho yangu, nikakuachia wewe kazi niliyoikimbia. Kumpima mama ilikuwa kazi ya binti yake.

Sijui nitasema nini nikifika. Usiniulize mbele yake. Chemsha maji ya chai tu.

Dada yako

20 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na shemeji alikupokea vizuri. Sisi huku hatujawa wazima, ila tunaendelea.

Tangu uondoke Mama kazi yake ni kukuigiza. Anauma mwisho wa utepe kwa meno, anatoa macho, anajifanya anaandika namba huku machozi yanamtiririka. Anasema ulimwambia ni mafua, na yeye hajawahi kuona mafua yanayompata mtu baada ya kumpima nyonga. Lakini jana jirani alipotaka kuufua ule mto ulioulalia, Mama alikataa. Sijamuuliza kwa nini.

Siti uliyoipunguza inamkaa. Kiganja kinaingia bapa, hakichezi. Juzi ndiyo tumetoka.

Nilimkalisha mlangoni, nikamfunga. Kokoto tulipita, majani yenye miiba tulipita. Kwenye ukingo wa matope nilibadilisha magurudumu yeye akiwa ndani, pini zote nikaziona. Matope yakapita. Mchangani, Dada, nilivuta kwa mkono mmoja. Yale maboga yako yalikwenda juu ya mchanga kana kwamba yule mama ndani ni picha tu. Nilifurahi mpaka nikaanza kupiga mluzi. Tulikuwa tumebakiza hatua chache tuguse maji, pale peupe, hakuna hata ndege.

Mama akanigonga begani kwa kafi. Akalielekeza kwenye gati. "Tupite kule."

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamwambia Mama, hapa panapitika sasa, ndiyo maana tumetengenezewa magurudumu haya. Akasema, "Nimeona kwamba panapitika. Pita kule."

Nikabishana. Nilitaja jua, nikataja maji yanakupwa, nikataja mwalimu wa mazoezi anasubiri. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Nikageuza. Tulipofika penye saruji nikafunga tena magurudumu magumu, polepole sana kwa makusudi, nikiomba kivuko kiondoke. Yeye ratiba ya kivuko anaijua kuliko nahodha. Alikuwa anasubiri kifike.

Tuliteremka kwenye saruji na milango ikawa inafunguliwa. Watu wakaanza kushuka, mabaharia wako kwenye kamba zao, yule mwanamke wa tiketi yuko getini. Mimi nikaongeza mwendo. Mama akasema, "Simama."

Nikasimama. Pale pale katikati ya mteremko, Dada, pale alipobingirika. Nikamnong'oneza kwamba watu wanatutazama. Akasema kwa sauti yake hii mpya, kila neno peke yake, na nadhani wengine walisikia: "Waache watazame mpaka wachoke."

Basi wakatazama. Walitazama mguu, wakatazama mkono, wakatazama mdomo. Mama alikaa wima kwenye siti yako, mkono mzima umeshika kafi limesimama, akawa anawatazama mmoja mmoja kama anayekagua tiketi. Wengine walisalimia, akaitikia kwa kichwa. Baharia mmoja mzee aliacha kamba akaja, akavua kofia, akarudi kwenye kamba yake. Haikuwa muda mfupi. Ila ni kweli walichoka. Mmoja alikumbuka mzigo wake, mwingine akakumbuka kuku wake, na gati likawa gati tu.

Mimi wakati wote huo nilikuwa nimeinama. Nilijifanya nakagua beringi ya gurudumu. Niliikagua ile beringi, Dada, kuliko ulivyoikagua wewe ulipokuwa unaifunga.

Mama akaniambia bila kugeuka, "Na wewe inua uso."

Nikauinua. Yule mwanamke wa tiketi alikuwa ananitazama, nikamsalimia, akaitikia. Kisha nilifungua mkanda wa kifuani na tukaingia majini.

Mdogo wako